Mafuta Yaliyopotelea Kilimani

Shule yao ilikuwa juu ya kilima, na barabara ya malori ilipita kando ya uzio. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wameizoea ile kelele. Mwalimu akiwa anasoma imla, alinyamaza mwenyewe mpaka lori lipite, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Lakini kulikuwa na lori moja la bluu, la magurudumu kumi, ambalo kila lilipopita msichana mmoja aligeuza shingo. Aliyeliendesha alikuwa baba yake.

Msichana huyo walimwita Chiriku. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo wake, ambao ulianza kazi alfajiri na kufunga kazi usingizini.

"Baba huyo!" alimnong'oneza mwenzake wa dawati siku moja ya Alhamisi.

"Na moshi wake," mwenzake akajibu.

Lori lilikuwa likipanda taratibu kama mtu mwenye goti bovu. Nyuma yake ulitanda moshi mweusi ti, ukaingia mpaka darasani. Wanafunzi walianza kukohoa, wengine kweli, wengine kwa fujo tu. Mwalimu alifunga madirisha.

Wakati wa mapumziko yule mwenzake alimvuta kando. "Usinikasirikie," alisema huku akitazama chini. "Watu wanasema baba yako anauza mafuta ya lori. Eti anayanyonya njiani na kuyajaza kwenye madumu."

Chiriku alimwacha pale pale, akarudi darasani peke yake.

Jioni alimkuta baba amekaa mlangoni, viatu vya kazi bado miguuni. Ndani, mama alikuwa akipiga pasi sare ya shule. Pembeni alisimama utingo wa lori, ambaye kwa masharubu yake marefu kila mtu alimwita Sharubu.

"Tajiri ameniita," baba alisema. Tajiri alikuwa mama mmoja mwenye malori matatu, na ndivyo madereva wake wote walivyomwita. "Safari ya kiwandani ilikuwa inakula madumu kumi ya dizeli, kwenda na kurudi. Sasa inakula kumi na matatu. Njia ile ile, mzigo ule ule. Ananiuliza, hayo matatu yanakwenda wapi?"

"Ukamjibu nini?" mama aliuliza.

"Nimjibu nini, mama watoto? Sijui yanakokwenda. Amenipa safari mbili. Mafuta yasipokaa sawa, nikabidhi funguo. Dereva mwingine ameshapatikana."

Sharubu alijikohoza. "Bosi, hili ni jambo dogo. Tununue madumu matatu yetu wenyewe, tuyamimine kwenye tangi tukiwa njiani. Tajiri akipima, atakuta kila kitu kiko sawa. Mambo kwisha!"

Baba alikuwa akivuta kamba ya kiatu, anaiachia, anaivuta tena. Chiriku alimfahamu baba yake. Alijua kwamba analifikiria lile neno.

"Baba," alisema, "tukilipia mafuta ambayo hukuyachukua, si tutakuwa tumekubali kwamba uliyachukua?"

"Ee mtoto, haya ni mambo ya wakubwa," Sharubu alisema.

Mama aliiweka pasi chini. "Basi wakubwa mjibuni. Ameuliza vizuri."

Baba alivua viatu, akavipanga ukutani. "Hapana, Sharubu. Sikuchukua hata tone, na sitajifanya mwizi ili niepuke kuitwa mwizi. Yanapopotelea, tutapajua."

"Twende kwa shangazi," Chiriku alisema papo hapo.

Baba alikunja uso. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, fundi wa magari makubwa, mwenye gereji jirani na uwanja wa kupakilia. Mara nyingi alikuwa amemwambia baba alete lori lifanyiwe huduma, na kila mara baba alijibu, "Safari ijayo, dada." Mwishowe alianza kupita njia nyingine ili asionwe.

"Atanisema, huyo!"

"Akuseme tu, baba. Utapona."

Mama alicheka, akaishika tena pasi yake isije ikaunguza sare.

Jumamosi asubuhi walifika gerejini. Shangazi alitoka chini ya lori jingine, uso una alama ya grisi shavuni. "Makubwa! Mdogo wangu leo kapotea njia?"

"Dada, nisaidie kwanza, utanisema baadaye."

Chiriku hakungoja. Alieleza yote: madumu, tajiri, na ule moshi uliomfanya mwalimu afunge madirisha. Shangazi aliposikia habari ya moshi, aliweka spana mezani.

"Mweusi? Wakati wa kupanda kilima?"

"Mweusi kama masizi ya sufuria."

"Basi mwizi wenu nimeshamjua. Wala hajifichi. Anatoka kwenye bomba la moshi mchana kweupe." Alimgeukia Chiriku. "Ule moshi ni dizeli ambayo haikuungua vizuri. Mnainunua, mnaimimina, halafu mnawafukizia watoto wa shule."

Alifungua kasha moja kubwa kando ya kabini, akatoa chujio la hewa. Alipoligonga chini, vumbi liliporomoka mpaka likafanya kichuguu. Sharubu alipiga mluzi.

"Njoo, Chiriku. Ikunje leso hii mara nne, uzibe pua na mdomo, kisha ukimbie mpaka getini urudi."

Chiriku alikimbia. Kwenda alikwenda vizuri, lakini kurudi alirudi macho yamemtoka, akaitupa leso na kuhema.

"Unajisikiaje?"

"Pumzi... haitoshi!"

"Na ungekuwa umebeba saruji mgongoni? Injini nayo inahitaji hewa nyingi ili ichome mafuta. Ikikosa hewa inakosa nguvu. Dereva anaona lori zito, anazidi kukanyaga. Mafuta yanaingia mengi, hewa ni ile ile kidogo. Yanayobaki yanatoka moshi." Akamtazama mdogo wake. "Hili chujio lilibadilishwa lini?"

Baba alitazama paa la gereji kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Tajiri anasema lori likilala gereji haliingizi kitu. Na mimi nilikuwa nawahi mizigo."

"Kwa hiyo mlikubaliana nyinyi wawili kulinyima pumzi."

Baba alivaa ovaroli, akaingia chini ya lori mwenyewe. Siku hiyo walibadilisha chujio la hewa na la dizeli, wakamwaga oili iliyokuwa nzito kama lami na kutia mpya. Chiriku aliosha vifuniko na boliti kwenye beseni mpaka vidole vikakunjamana. Hakuna aliyemlazimisha. Kila alipochoka alilikumbuka lile neno "madumu" mdomoni mwa mwenzake, akaendelea kusugua.

Kabla ya safari ya kwanza, tajiri mwenyewe alisimamia tangi likijazwa mpaka shingoni. Lori liliporudi, likajazwa tena mbele yake. Lilimeza madumu kumi na moja na nusu.

"Afadhali," tajiri alisema. "Lakini afadhali siyo sawa. Hilo moja na nusu nalo linakwenda wapi?"

Ilibaki safari moja. Sharubu alitikisa kichwa kama mtu aliyesema tangu mwanzo. Baba alirudi gerejini mabega yameshuka. "Labda limezeeka tu, dada."

"Mwaka jana lilikuwa linakula kumi. Lori halizeeki ghafla hivyo. Kuna kitu tumekiacha."

"Moshi bado upo," Chiriku alisema. "Jana niliuona nikiwa darasani. Siyo mweusi tena, ni wa kijivu. Na unatoka kilimani tu, kwenye tambarare hautoki. Tulipandishe kilima likiwa na mzigo, tusikilize."

"Wewe usikilize?" Sharubu aliangua kicheko. "Utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Jumamosi iliyofuata walipanda kabini, baba kwenye usukani, shangazi katikati, Chiriku dirishani. Vioo vilikuwa vimeshushwa. Walipoanza kukwea, Chiriku alitoa sikio nje na kuubana mdomo kwa mkono. Injini ilinguruma, gia ikalia, mawe yakatekenya tairi. Halafu, chini ya kelele zote hizo, akasikia kitu chembamba: fyuuu.

"Baba, punguza!"

Baba aliinua mguu. Sauti ikakatika.

"Kanyaga tena!"

Fyuuu.

Shangazi aliinama upande wake, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Mimi masikio yangu yameliwa na nyundo. Una hakika?"

"Akikanyaga inalia, akiachia inanyamaza. Kama mtu anapuliza kwenye mwanya wa meno."

Shangazi alipiga kofi paja lake. "Geuza lori!"

Gerejini waliinamisha kabini. Shangazi alieleza kwamba turbo ni pampu inayosukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye injini, hasa lori linapobeba mzigo mzito. "Bomba lake likitoboka, hewa inatoroka kabla haijafika. Tunarudi kule kule kwenye leso yako." Aliziba bomba upande mmoja, akalitia upepo wa kompresa, akampa Chiriku brashi na kopo la maji ya sabuni. "Paka kila mahali. Penye tundu, povu litasema."

Chiriku alipaka kila kona ya bomba, na povu halikusema kitu. Akapaka tena. Maji yalimchuruzika mkononi mpaka kwenye kwapa. Baba aliegemea tairi, amechoka.

"Mwanangu, acha. Pengine umesikia upepo tu."

"Sikusikia upepo, baba. Bado huku chini sijafika."

Alilala chali kwenye kadibodi, akajisogeza mpaka pale bomba la mpira lilipokuwa likigusana na chuma. Akaingiza brashi nyuma ya kibano, mahali ambapo jicho halifiki. Povu likavimba, likawa kubwa kama shavu la mpiga tarumbeta, likapasuka. Likavimba tena.

"Hapa! Hapa! Jamani hapa!" Mdomo wa Chiriku ulikuwa umerudi kazini.

Mpira ulikuwa umesuguliwa na kile chuma mpaka ukapasuka. Shangazi aliweka mpya, akaufunga mbali na chuma, na Chiriku akaupaka sabuni mara nyingine kuhakikisha. Halikutoka hata povu moja.

Tangi likajazwa tena mpaka shingoni mbele ya tajiri, na safari ya pili ikaenda na kurudi. Uwanjani kwa tajiri walikusanyika madereva wote, maana habari ilikuwa imeenea. Dumu la kwanza lilimiminwa, la pili, mpaka la kumi. Dizeli ilifika shingoni, na ndani ya dumu la kumi bado kulibaki kidogo.

"Litikiseni," tajiri alisema. "Isije ikawa kuna hewa ndani."

Sharubu na wenzake walilisukuma lori huku na huku. Dizeli haikushuka.

Tajiri alivua miwani. "Dereva, nilikuwa nimeshakuona mwizi. Nisamehe."

"Sikuiba, Tajiri," baba alisema, na sauti yake ilisikiwa na wote. "Lakini sitasema kwamba sina kosa. Fundi aliniita, nikawa namkwepa. Moshi niliuona kwenye kioo kila siku, nikajifanya siuoni."

"Na mimi ndiye niliyekataza lori kulala gereji," tajiri alijibu. Akawageukia madereva wengine. "Malori yote matatu yaende kwa fundi, moja moja, kuanzia kesho. Na yawe yanakwenda kila inapofika zamu yao. Dereva akiona moshi, asikae nao moyoni. Aje aniambie, hata kama nina haraka."

Sharubu alijikuna masharubu. "Na yale madumu matatu niliyotaka tununue?"

"Kanunue sabuni," shangazi alimwambia. Uwanja mzima ukacheka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba na binti. Chiriku aliongea njia nzima: Jumatatu atamwambia nini yule mwenzake, atamweleza vipi habari za turbo, atampa leso akimbie mpaka getini. Baba alimwacha amalize, kisha akamshika bega.

"Mweleze, lakini usimsimange. Mwanangu, siku zote nilijiona mwaminifu kwa sababu sichukui cha mtu. Nilikosea. Lori la watu lilikuwa mikononi mwangu, nikaliacha liharibike kwa kukwepa siku moja tu ya gereji. Kukitunza ulichokabidhiwa nako ni uaminifu. Ungekuwa umechoka mapema kama mimi, leo ningekuwa nimerudisha funguo, na nisingejua kamwe kosa langu lilikuwa wapi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akaushika mkono wa baba yake, wakaendelea kutembea.