Kofi la Ubavuni

Mambo haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu wa masihara ambaye hata shoti ya umeme huicheka. Mjane mmoja alimletea kompyuta kuukuu ya mezani, iliyogoma kuwaka tangu mumewe afariki.

"Baba watoto alikuwa akiizaba kofi ubavuni, basi inaamka," mama akasema. "Mimi nimejaribu wee, mkono wangu haiutambui."

"Mimi sipigi wagonjwa, mama," fundi akacheka. "Nenda nyumbani, nitakuita."

Akaifungua, akapuliza vumbi, akasugua memori kwa kifutio, akabadilisha kile kibetri kidogo cha saa. Akarudisha bati la ubavuni, akakaza skrubu, akabonyeza kitufe. Kimya.

Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, na ghafla umeme ukakatika mtaa mzima. Duka likawa giza totoro. Fundi akapapasa, akachomoa waya ukutani, kompyuta isije ikaungua umeme ukirudi. Waya ukiwa bado mkononi mwake, akasikia kofi. Paa! Bati likalia.

"Nani?"

Feni ya kompyuta ilianza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi, ikihema kama mtu aliyetoka kukimbia. Fundi akarudi nyuma hadi ukutani, waya ungali mkononi.

Umeme uliporudi, feni ikanyamaza. Akasogea kuangalia. Kwenye bati palikuwa na alama ya kiganja, vidole vyote vitano. Akaipapasa.

Haikuwa imebonyea kwenda ndani. Ilikuwa imetuna kuja nje.