Gari Linalokula Mchana

Dereva alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kuivunja. Kila jioni, kabla hajavua viatu, gari lilishwe kwanza.

Desturi hiyo aliitoa kwenye malori. Kwa miaka thelathini na minne aliendesha lori la saruji. Kila jioni alijaza dizeli hadi mdomoni mwa tanki, akafuta vioo, ndipo akarudi nalo nyumbani. "Gari lilale limeshiba," alikuwa akisema. Enzi hizo mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Akisikia lori linanguruma kwenye kona, anaacha cherehani na kubandika chai. Dereva akizima lori, chai iko tayari. Kisha wanakaa kizingitini, mmoja ananuka dizeli, mwingine ana nyuzi kichwani, wanawacheka wapita njia hadi giza linaingia. Mali hawakuwa nayo, lakini jioni zile zilikuwa tamu, na Dereva alizikumbuka kila siku.

Siku hizi lori halipo. Dereva amestaafu. Mkewe alipata kiharusi mwaka jana, akalegea mkono na mguu wa kulia. Kila Jumanne na Ijumaa anatakiwa hospitali kufanya mazoezi, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Binti yao, ambaye ni mwalimu katika mji wa mbali, aliwanunulia gari dogo la umeme, tena lililokwisha kutumika. Akawawekea na paneli za sola juu ya paa, kwa sababu nguzo za umeme ziliishia mtaa wa pili. Siku ya kufunga vyombo hivyo, fundi alieleza kila kitu. Dereva aliitikia "ndiyo, ndiyo," huku mawazo yako kwingine. Fundi mwenyewe alikuwa msichana wa kumzaa. Mtu kama huyo amfundishe yeye habari za gari?

Basi kila jioni Dereva alifanya alivyozoea. Alichukua waya mrefu uliokuwa wa cherehani ya mkewe enzi za jenereta, akaunganisha gari na nyumba.

"Haya, kula ushibe," analiambia gari.

Lakini gari halikushiba. Kila asubuhi lilikuwa limejaa nusu, au chini ya nusu. Na nyumba nayo imezimika, jokofu limenyamaza, maziwa yameganda na kuwa machachu. Mara mbili walikosa mazoezi. Dereva aliwaambia watu kwamba gari ni bovu.

Jumanne moja waliondoka hivyo hivyo, gari likiwa na nusu. Walipofika katikati ya mlima likapunguza mwendo lenyewe. Kioo cha mbele ya usukani kikawaka alama nyekundu. Gari likasogea kando ya barabara, likasimama kimya.

Mkewe alimtazama. Tangu augue alisema polepole, lakini ulimi wake ulikuwa ule ule.

"Lori lako lilikuwa na kelele," alisema, "ila lilikuwa linafika."

Ilibidi Dereva ampigie simu rafiki yake wa zamani, aje na lori la kubebea magari. Yule rafiki alilipandisha gari juu, akalifunga minyororo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dereva mzima unabebwa kama mzigo wa viazi!"

Dereva hakucheka. Miaka yote ile barabarani, hajawahi kubebwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mchana ule binti yao akapiga simu.

"Baba, mtaalamu wa mazoezi amenieleza. Hii ni mara ya tatu. Anasema Mama akikosakosa hivi, mguu hautapata nguvu tena."

"Gari, mwanangu. Gari ni bovu."

"Liwe bovu lisiwe bovu, Baba, Mama hawezi kungoja. Akikosa tena hata siku moja, nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, hospitali iko karibu."

"Na mimi?"

"Baba, mimi nina chumba kimoja tu. Unajua."

Dereva aliweka simu mezani. Alimtazama mkewe aliyekuwa akijaribu kukunja kitambaa kwa mkono mmoja. Walikuwa pamoja miaka arobaini na moja. Nyumba hii bila yeye ingekuwa nini? Kuta na mabati tu. Akapiga moyo konde, akamwita yule fundi msichana.

Fundi alifika kesho yake saa nne, ngazi imefungwa kwenye pikipiki.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone gari lako hili bovu."

"Si langu, mzee, ni lako," fundi alisema, akacheka. Alikagua gari. Akaingia ndani, akatazama betri ya nyumba iliyofungwa ukutani. "Gari ni zima. Unalichaji saa ngapi?"

"Jioni. Watu hujaza gari jioni."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Jua likizama, nikishalifuta vioo."

Fundi aliketi chini. "Mzee, umeendesha malori. Sasa nijibu. Una malori mawili, na kituo cha mafuta kimefungwa. Ukifyonza dizeli kwenye lori moja ukatia jingine, utakuwa umeongeza mafuta?"

"Upuuzi huo! Utakuwa umehamisha tu. Yote mawili yatalala njiani."

"Ndicho unachofanya kila siku. Kituo chako cha mafuta ni jua. Jua likizama, kituo kimefungwa. Paneli hazitoi kitu. Wewe unaunganisha gari saa hiyo, linanyonya betri ya nyumba. Betri ya nyumba ni ndogo, ya taa na jokofu tu. Inakauka, na gari nalo halijai."

Dereva alikuna kichwa. Mkewe akaanza kucheka kwenye kiti chake, mabega yanatikisika.

"Miaka thelathini na minne ya udereva," mkewe alisema, "na unafyonza dizeli usiku."

"Sasa nilishe saa ngapi?"

"Mchana," fundi alijibu. "Saa nne hadi saa tisa, jua likiwa kali. Mkirudi hospitali Jumanne, chomeka. Jumatano chomeka, Alhamisi chomeka. Ijumaa asubuhi litakuwa tayari. Na kabla ya kuondoka soma namba ya chaji kwenye kioo. Ikiwa haitoshi kwenda na kurudi, usiondoke."

"Na pasi? Na birika la umeme?"

"Hivyo vinakula sana. Tumia mchana pia, lakini kimoja kimoja. Ukipiga pasi, gari lisubiri."

Kisha fundi akauona ule waya wa cherehani. Ulikuwa umeviringwa sakafuni kama nyoka aliyelala. Aliinua kichwa chake cha kuchomekea. Plastiki ilikuwa imegeuka kahawia, inanuka kuungua.

Uso wa fundi ukabadilika. "Mzee, huu ungewachoma mkiwa ndani. Waya mwembamba hauwezi mzigo wa gari. Na ukiuviringa hivi, moto wake hauna pa kutokea. Gari linataka waya wake mnene kutoka kwenye sanduku la umeme, na swichi yake ya kujikata yenyewe mambo yakiharibika. Nitafunga leo hii."

Dereva aliutazama mguu wa kulia wa mkewe. Mguu ule usingeweza kukimbia moto.

Fundi alifanya kazi hadi saa saba mchana. Alipanda kwenye paa, akashuka na kidole cheusi.

"Paneli zina vumbi. Zikiwa chafu hazipati jua lote. Zioshe asubuhi mapema zikiwa bado baridi, kwa maji na ufagio laini wa mpini mrefu. Wewe usipande juu, osha ukiwa chini."

Fundi alipokuwa akifunga vyombo vyake, Dereva alisimama kando ya gari. Alijiona ameporwa kitu. Lori lilikwenda, dizeli ikaenda, na sasa hata kulisha gari jioni kumekwenda.

"Jioni nitakuwa nafanya nini?" aliuliza, bila kumlenga fundi wala mtu yeyote.

"Utakaa na mimi," mkewe alisema kutoka ndani. "Gari umelilisha vya kutosha. Mimi nani ananiuliza nimekula?"

Siku ile ile, saa nane, gari lilichomekwa jua likiwaka. Alhamisi, Dereva alisoma namba kwenye kioo mara tatu, kwa sababu hakuyaamini macho yake. Asubuhi ya Ijumaa taa zilikuwa zinawaka, maziwa yalikuwa mazima, na gari limejaa vizuri. Walipanda mlima bila wasiwasi. Wakiteremka, Dereva alitoa mguu kwenye pedali ya mwendo kama fundi alivyomwelekeza, na gari lenyewe likarudisha nguvu kidogo kwenye betri. "Lori halikuweza hivi hata siku moja," alikiri, ingawa shingo upande.

Hawakukosa tena. Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Miezi miwili ikapita, ingawa binti yao kwenye simu alikuwa bado haliamini gari lile.

Ijumaa moja walirudi kutoka hospitali, wakamkuta binti yao ameketi mlangoni. Hakuwa amesema kama anakuja. Pembeni yake palikuwa na begi kubwa.

Dereva alikumbuka lile neno la simu: nakuja kumchukua. Aliteremka haraka. "Mwanangu, hatujakosa hata siku moja! Muulize mtaalamu. Gari lilikuwa zima, kosa lilikuwa langu, lakini sasa..."

"Acha maneno," mkewe alisema. "Nifungulie mlango."

Dereva alifungua, akanyoosha mkono amshike.

"Toa mkono wako huo."

Mkewe alishusha mguu wa kushoto. Kisha ule wa kulia, polepole, kama mtu anayepima maji. Akasimama. Akaegemea fimbo yake, akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kutoka garini hadi mlangoni hatua kumi na moja, na hakuna aliyemgusa. Binti alikuwa amesimama, mikono mdomoni, machozi yanamtoka.

Mama alifika, akahema, akalitazama lile begi.

"Begi la nani?"

Binti alimtazama baba yake. Akajifuta uso. "Langu, Mama. Shule zimefungwa. Nimekuja kukaa nanyi siku chache."

"Basi mwache baba yako aliingize. Nguo zako zitapata vumbi."

Dereva aliinama, akalishika begi, akaliinua. Lilikuwa tupu kabisa, na alijua limekuja kubeba nguo za nani.

Alilibeba kwa mikono miwili, mgongo umepinda, kama mtu aliyebeba mzigo mzito kweli kweli, akaliingiza ndani.