Swichi za Anyesi

Kiza kilikuwa kinaingia Ngarenaro pale Fransiska alipovuka barabara kwenda kwa fundi kompyuta Loserian kununua swichi za kibodi, vile vidude vya chini ya kila kitufe. Tangu Pasaka wateja wa steshenari yake walikuwa wamehamia kwa Anyesi, mlango wa pili, ambaye kibodi yake ilikuwa na mlio mtamu hata watu walikaa tu kusikiliza barua zao zikichapwa. Na walikuwa marafiki, wametoka wote Marangu! Leo Anyesi hakufungua kabisa, na bado wateja walimsubiri yeye. Fransiska aliona wivu.

Loserian akamtandazia swichi mezani.

"Hizi nyekundu ni laini, wacheza gemu wanazipenda. Kahawia zina kinundu, kidole kinajua kimefika. Bluu ndizo zenye kelele."

Fransiska akabonyeza moja moja. Hapana. Hapana.

"Nataka kama za Anyesi."

Loserian akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Za kwake ninazo. Kazing'oa jana. Kasema utakuja."

Akatoa mfuko unaonuka nywele zilizoungua. Ulikuwa umefungwa kwa jani la isale, bado bichi.

Isale! Mchaga gani asiyelijua? Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huna ruhusa ya kukataa, hata kama aliyekukosea kakuulia ndugu.

"Anaomba umsamehe kwa kukuchukulia wateja wako," Loserian alinong'ona. "Halafu uzifukie. Usichape hata herufi. Kasema zinamla vidole, na atakayezichapa atammaliza yeye Anyesi."

Fransiska akacheka. Mjanja huyo! Anataka nizifukie ili mlio ule nisiupate kamwe. Akafungua fundo, akalitupa jani mtaroni, akarudi dukani na mfuko wake.

Akazipachika. Akabonyeza moja.

Tak...

Mtamu. Mtamu mno! Akachapa mstari, akachapa ukurasa mzima. Wapita njia wakasimama. Mmoja akaingia na karatasi zake, akaketi kwenye benchi, kisha mwingine. Fransiska alisikia raha mpaka machozi yakamlenga.

Ndipo Princess, mdogo wake Anyesi, alipotokea mlangoni akihema, simu mkononi.

"Shikamoo, dada Fransiska."

"Marahaba."

"Dada yuko kitandani. Vidole vinacheza vyenyewe juu ya blanketi, vinatoka damu. Vimeanza sasa hivi tu... Kanituma nikuulize. Isale umelipokea?"

Mikono ya Fransiska ilikuwa juu ya kibodi. Ilitosha kuinyanyua. Mtaro ulikuwa pale pale nje, jani lingeokotwa. Lakini benchi lilikuwa limejaa, limejaa kwake yeye, na mteja mwingine alikuwa anavua kofia mlangoni.

"Isale gani?" alisema.

Akabonyeza.

Tak...

Simu mkononi mwa Princess, ambayo ilikuwa bado hewani na nyumbani kwao, ikatoa ukelele. Kisha sauti ya mama yao ikiita, Anyesi, Anyesi, mwanangu. Kisha kimya.

Princess aliitazama simu. Halafu akaitazama mikono ya Fransiska.

"Dada," akanong'ona, "acha basi."

Fransiska alitaka kuacha. Mungu anajua, sasa alitaka. Akavuta mikono.

Vidole vikakataa. Vikaendelea kuchapa, upesi kuliko alivyowahi, na watu wa kwenye benchi wakasogea karibu wasikie vizuri.