Insha ya Mwisho ya Dimaano

Mvua ilimkimbiza Ligaya hadi kwenye kibanda cha vitabu, mtaa wa Recto, Manila, na humo akanogewa na kitabu cha insha za maisha ya Severo Dimaano, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa amefariki karibuni. Kijana wa shati la maua akamwuliza kama anasoma au ananunua. Kumbe naye alikuwa mteja, na nakala ilikuwa moja tu.

Jina lake Doro, fundi taa wa kundi la maigizo la marehemu. Wakakinunua kitabu kwa pamoja: kikae kwa Doro, naye kila jioni ampigie Ligaya simu amsomee insha moja. Ligaya akacheka kusikia Dimaano alivyomwaga supu ya ukwaju juu ya mswada, na jinsi mchumba wake alivyomkataa mara tatu. Haukupita muda akawa anaisubiri sauti kuliko insha. Alikuwa amependa, tena vibaya sana.

Ilipobaki insha moja, Doro akaanza kupiga chenga. Leo koo linauma, kesho ana mazoezi.

"Kama umenichoka, niambie tu."

"Nikuchoke wewe, mpenzi? Hiyo ya mwisho tuiache kwanza."

"Mpaka lini?"

Doro akasingizia mazoezi tena. Ligaya akakata simu, akalia, kisha akaikubali kazi ya mbali, mjini Cebu, aliyokuwa akiikwepa.

Mwaka wa msiba ulipotimia, mjane wa Dimaano alivua nguo nyeusi na kuwaalika watu ukumbini kusoma insha za mumewe. Ligaya alirudi Manila, akaenda amevaa gauni lake jeupe, akakaa nyuma. Aliyepanda jukwaani alikuwa Doro, kitabu mkononi.

"Kundi letu lina mwiko," akasema. "Maneno ya mwisho ya mchezo hatuyatamki mazoezini. Yanangoja siku yenyewe, mbele ya watu. Kuna mtu alidhani namkimbia."

Ligaya akahisi uso unawaka. Doro akasoma jinsi Dimaano alivyosimama kwenye jukwaa lile lile, akamposa mchumba wake mara ya nne. Insha iliishia kwenye swali. Doro akafunga kitabu, akamtazama yeye.

"Ligaya, utakubali nikuoe?"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Nakubali," akajibu, sauti ikifika hadi mlangoni. "Ila kitabu kinahamia kwangu. Na Cebu watafute mtu mwingine."

Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa mjane wa Dimaano.