Anwani Iliyohamishwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Kasi alipita chumba cha kompyuta kufuta vumbi na kuwasha mashine moja moja. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la saba, maana vidole vyake vikianza kuchapa, hata mwalimu husimama kutazama. Na kwa kweli binti huyo alikuwa hodari. Ukurasa wa kuandikisha watoto kupimwa macho, kwenye tovuti ya shule, aliutengeneza yeye.

Daktari wa macho aliahidi kuja kwa siku moja, na miwani kwa watakaoihitaji, mradi wazazi waandikishe watoto arobaini kwenye ukurasa huo. Mwisho ulikuwa Jumatano saa kumi alasiri. Majina yakipungua, angekwenda shule nyingine. Aliyemngojea kwa hamu kuliko wote ni rafiki wa Kasi wa dawati moja. Msichana huyo hakuona ubao hata kidogo. Alinakili kila kitu kutoka daftari la Kasi, pua ikikaribia kugusa karatasi, na kwa hiyo darasa zima lilimwita Kipua.

Jumatano hiyo Kipua alifika uso umemshuka. Akaeleza kwamba mama yake ameandika anwani iliyo kwenye bango la tangazo la daktari mara tatu, na mara zote simu imemwambia ukurasa haupo. Kasi akakumbuka alichokifanya. Jumatatu aliiona anwani ya ukurasa ule kuwa fupi, haina mvuto, akaibadilisha ikawa ndefu na ya kupendeza, bila kumwambia mtu. Kumbe mabango yalikwisha kubandikwa getini, sokoni na kwenye zahanati, yote yana anwani ya zamani.

“Labda ni mtandao tu,” akamjibu rafiki yake, akiangalia pembeni.

Wakati wa mapumziko akarudi chumba cha kompyuta kurekebisha mambo kimyakimya. Alijua ipo amri ya kumpeleka mgeni kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Akaiweka kwenye anwani ya zamani: ukifika hapa, nenda kwenye mpya. Kisha, kwa kutaka uhakika zaidi, akaiweka na kwenye mpya: ukifika hapa, nenda kwenye ya zamani. Si njia huwa ni ya kwenda na kurudi? Alipojaribu, mashine ilihangaika huku na huku, mwisho ikanyoosha mikono na kuandika kwamba imezungushwa mara nyingi mno. Sasa hakuna aliyeweza kuingia kwa anwani yoyote. Majina yaliyokwisha kuandikishwa yalikuwa thelathini na moja, na saa tano ilikwisha kupita.

Angeweza kunyamaza, lawama zikabaki kwa mtandao. Lakini aliikumbuka ile pua juu ya daftari. Akajikaza, akaenda ofisi ya walimu, akamtafuta mwalimu wa kompyuta.

“Mwalimu, ukurasa wa macho umeharibika. Si mtandao, ni mimi.”

Mwalimu hakufoka. Alivuta kiti mbele ya mashine, akamtaka asome amri zake mbili kwa sauti, ajifanye yeye ndiye mgeni. Kasi alisoma, akafika katikati, akaanza kucheka huku machozi yanamlengalenga. Masikini mgeni, anatumwa nyumba hii, akifika anarudishwa ile, mpaka soli za viatu ziishe! Akaifuta amri ya pili kwa mkono wake mwenyewe.

Yeye angeishia hapo. Mwalimu, sivyo. Alimchukua mpaka getini, akaazima simu ya mlinzi, ile ya kioo kilichopasuka, akaandika anwani herufi kwa herufi akiitazama bangoni, kama mzazi yeyote. Fomu ikafunguka. Akafuta, akaandika tena kutoka mwanzo. Kasi alimtazama kwa heshima kubwa. Mtu anayejua kazi kiasi hicho, na bado haiamini mpaka aione kwa macho ya mgeni.

Kisha wakaomba simu ya ofisi. Kasi mwenyewe ndiye aliyewapigia wazazi, mmoja baada ya mwingine, akisema kosa ni lake na sasa njia imefunguka. Alianza na mama yake Kipua. Ilipofika saa kumi, majina yalikuwa arobaini na matatu.

Daktari alikuja wiki iliyofuata. Miwani ilipofika, Kipua aliivaa, akausoma ubao wote kutoka mwisho wa darasa, halafu akalifungua daftari la Kasi.

“Kumbe mwandiko wako ni mbaya hivi!” akasema, na darasa likavunjika mbavu.

Hata mwalimu alicheka. Kisha akaweka mkono begani kwa Kasi.

“Ukihamisha kitu ambacho watu wanakitegemea, waachie maelekezo pale walipozoea kukipata,” alimwambia. “Hilo ulilijua nusu, sasa unalijua lote. Lakini kuna jambo sikukufundisha mimi. Ulikosea, ukaja kusema wakati bado kuna saa za kutengeneza. Ungenyamaza mpaka jioni, amri zote za kompyuta zisingemletea mwenzako miwani.”

Kasi aliinamisha kichwa, akatabasamu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita rafiki yake Kipua tena, maana pua ilikuwa mbali kabisa na karatasi.