Mpokeaji wa Mlango wa Nyuma

Siku mzigo uliposemekana umefika, nyumbani walikuwamo watu wanne. Alikuwamo Mzee, fundi saa mstaafu, amelala chumba cha mbele kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alikuwamo binti yake, mshonaji, kwenye cherehani yake ukumbini. Alikuwamo mume wa binti huyo, mchomeleaji vyuma, akitengeneza bawaba ya mlango wa jikoni. Na alikuwamo wifi wa mshonaji, ambaye watu wote walimwita Redio, naye aliitikia. Chumba cha nyuma hakikuwa na mtu. Walikifunga tangu walipohamia, kwa kuwa kilinuka majivu yaliyolowa hata baada ya kupakwa rangi.

Mzigo wenyewe ulikuwa mashine ya kumsaidia Mzee kupumua. Daktari alisema bila hiyo hatafika mbali. Madukani haikuwapo, wakaiagiza mtandaoni.

Asubuhi ile mleta mizigo alipiga simu, wakati mshonaji ana pindo la gauni chini ya sindano.

"Mama, nikifika nimkabidhi nani?"

"Yeyote utakayemkuta, kaka. Wote ni wa humu humu."

Alasiri ujumbe ukaingia kwenye simu yake: mzigo umepokelewa. Hakuna aliyesikia hodi.

"Labda kaupokea panya," akasema Redio. "Maana mimi hata usingizini husikia nani kafunua sufuria."

Mshonaji akapiga simu huduma kwa wateja. Muziki ulimwimbia mpaka sikio likapata moto, ndipo ikaja sauti ya kijana mwenye adabu.

"Dada, mzigo wako umepokelewa na mtu wa nyumbani."

"Mtu gani? Tuko wanne hapa, na hakuna aliyeupokea."

"Mfumo unaonyesha mlango wa nyuma, dada. Mwenzetu alibisha hodi, akakaribishwa ndani. Kuna lingine nikusaidie?"

Nyumba ile haikuwa na mlango wa nyuma.

Kesho yake mchana walikuwa wanakula. Redio alinyamaza katikati ya neno, na hilo peke yake liliwatisha. Kutoka chumba cha nyuma ulisikika mvumo wa mashine, mwembamba, na juu ya mvumo huo pumzi ya mtu, ndefu, ikivutwa taratibu kama mtu anayekunywa kitu kitamu asichotaka kiishe. Mchomeleaji akapiga moyo konde, akavunja kufuli, na harufu ya majivu ikawapiga usoni, na chumba kilikuwa kitupu, hakina mashine wala boksi lake, lakini kioo cha dirisha kilikuwa kimefunikwa na ukungu kwa ndani, na ukungu ule ulikuwa ukipanuka na kusinyaa, ukipanuka na kusinyaa, na kila ulipopanuka Mzee kule chumba cha mbele alifungua kinywa chake na hakuna kilichoingia.

Wakamwita mtabibu wa majini, mtu mzima wa maneno machache. Alisimama kizingitini pa chumba cha nyuma, akasikiliza, akarudi ukumbini.

"Huyu hakuvunja mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Alipewa. Nani alisema apewe yeyote?"

"Mimi, baba," akasema mshonaji.

"Aliyeingia kwa wizi ningemtoa leo hii. Huyu anadai ana haki. Walioleta mzigo watamke kwamba ulimfikia asiye mwenyewe. Wakitamka hivyo tu, mengine niachie mimi."

"Yaani," Redio akanong'ona, "tuwapigie tena wale?"

Wakapiga, simu ikiwa na sauti kubwa kando ya kitanda cha Mzee. Muziki ukaimba. Mzee alikuwa anamtazama binti yake, midomo imebadilika rangi, mkono wake ukimpapasa kiganja. Mwishowe kijana yule yule akaitika.

"Mwanangu, nakuomba," akasema mshonaji. "Sema tu mlikosea. Sema mzigo haukuwa wa aliyeupokea. Mashine yenu sitaidai tena."

"Pole sana, dada. Siruhusiwi kutamka hivyo. Mfumo ukishafunga oda, umefunga."

"Neno moja tu! Baba yangu anakufa!"

"Nakuelewa, dada. Lakini mpokeaji mwenyewe ametupigia asubuhi kuthibitisha. Ameshukuru sana. Anasema mashine ni nzuri, ila pumzi iliyobaki ni kidogo." Kijana akajikohoza. "Kuna lingine nikusaidie?"

Mchomeleaji alitaka kuitupa simu ukutani. Mtabibu akamshika mkono, akaichukua, akaizima, akaiweka juu ya cherehani. Kisha akavaa viatu vyake, hakumwangalia mtu.

Mzee, fundi saa, alifariki Jumatano, kabla ya adhuhuri.