Nani Anaukwangua Ukuta Wetu?

Kila alfajiri, kabla hata ya kushika bidoni kwenda kuchota maji, Nuru aliingia katika chumba kipya na kubandika kiganja chake ukutani. Kiganja kikitoka na unyevu, alikunja uso. Kikitoka kikavu, alitabasamu, akaenda zake.

Chumba kile kilikuwa jasho la nyumba nzima. Mafundi wengi wa Kasongo walikuwa wamekimbilia Lusangi kuchimba dhahabu, na waliobaki walikuwa na kazi za watu hadi shingoni. Baba yake, mzee Ayoubu, muuza vitenge sokoni, alikuwa amechoka kuwabembeleza. "Mikono tunayo, udongo tunao," alisema. "Tutamaliza wenyewe." Akasimamisha mianzi katikati ya sebule, akaifunga kwa kamba za miti, na sebule moja ikawa vyumba viwili. Nuru na mama yake, Malaika, wakakandika udongo. Wakauacha ukauke mpaka upasuke, wakaziba nyufa kwa udongo laini wenye mchanga, kisha wakapaka pemba, ule udongo mweupe unaochimbwa kwenye kingo za kijito. Nuru ndiye aliyesugua ukuta kwa kipande cha ndala kuukuu hadi ukawa laini kama shavu.

Chumba kilikuwa cha dada yake mkubwa, Aicha, ambaye Nuru alimwita Yaya, aliyeolewa huko Wamaza. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake. Aicha alifika juu ya pikipiki, miguu imevimba, akakuta ukuta umekwisha kuwa mweupe. Usiku alilala na mama, mpaka pemba ikauke vizuri. Mchana, wengine wakiwa shuleni na sokoni, alitandika mkeka katika chumba kipya, akapumzika penye ubaridi.

Asubuhi moja Nuru alibandika kiganja ukutani, akakiondoa upesi. Usawa wa kiuno chake palikuwa na mistari minne, imeshikana kama ndugu. Pemba ilikuwa imekwanguliwa.

"Mama! Njoo uone!"

Mama Malaika alichungulia, mwiko mkononi. "Ni panya."

"Panya gani ana kucha pana hivi?"

"Basi ziba, mwanangu. Usinifungulie kesi kabla ya chai."

Nuru aliziba. Lakini baada ya siku chache mistari ilirudi, chini kidogo ya pale pa kwanza. Akaziba tena. Ikarudi tena, chini zaidi. Tangu hapo moyo wake haukutulia. Alimchunguza kila aliyevuka kizingiti. Baba alipoomba chumvi, Nuru alitazama kucha zake. Kuku alipoingia sebuleni, alifukuzwa kama mwizi. Hata mgeni aliyekuja kumsalimu Aicha alishangaa kuona binti amesimama mlangoni, macho kwenye vidole vyake.

Kisha akamkumbuka Darlène.

Darlène alikuwa jirani yao na mwenziwe wa darasani. Ndiye aliyewaonyesha kijito chenye pemba nzuri. Lakini ukuta ulipokwisha, alicheka akasema, "Iko kama bibi harusi aliyejipaka poda mpaka masikioni!" Siku ile Nuru alicheka naye. Sasa maneno yale yalimgeukia yakawa machungu. Kwao Darlène kuta bado zilikuwa za udongo mtupu, na aliingia kwao Nuru bila kubisha hodi. Isitoshe, jana tu, wakitoka darasani, Nuru alikuwa ameona vidole vyake. Vilikuwa vyeupe.

Hakuuliza. Hakungoja. Alimkuta Darlène kisimani, kati ya wasichana wenzao, akamwambia mbele ya wote, "Weye ndiye unatukwangulia ukuta. Wivu umekujaa!"

Wasichana waliweka bidoni chini. Msichana mmoja, Rosine, akaguna, "Ee, leo iko mambo!"

"Miye?" Darlène alisema. "Miye niliyebeba pemba yenu kichwani mpaka shingo ikauma?"

"Vidole vyako vilikuwa vyeupe jana. Nimeviona."

"Jana ilikuwa zamu yangu kufuta ubao! Chaki, Nuru. Chaki!" Machozi yalimlenga, lakini hakuyaruhusu yashuke. "Na sikiliza. Mtu mwenye wivu angeupiga ukuta wenu jembe, asingeukuna kwa kucha kama mgonjwa wa upele. Tena akikwangua, unga unaanguka. Huo unga uliuona chini?"

Darlène alijitwisha bidoni yake, akaenda bila kugeuka.

Nuru alirudi nyumbani polepole, maji yakimmwagikia begani. Unga. Kila asubuhi alikuwa amefagia kile chumba mwenyewe, na kamwe hakuona unga mweupe chini ya mistari. Nani akwangue ukuta na kuondoka na unga wake? Na kwa nini mistari ilikuwa ikishuka, kila mara karibu zaidi na sakafu?

Karibu na sakafu! Bidoni ilimponyoka.

Sehemu ya chini ya ukuta, mpaka magotini, baba alikuwa ameikandika mwenyewe kwa udongo uliochanganywa na dawa ya mchwa. Nuru alikumbuka jinsi alivyofunga mifuko ya plastiki mikononi, akamwambia, "Simama mbali, hii ni sumu." Juu ya udongo ule walikuwa wamepaka pemba, na kwa macho ukuta wote ulikuwa mmoja. Wao watatu walijua. Aliyekuja ukuta umekwisha kuwa mweupe hakujua.

Alikimbia. Katika chumba kipya, Aicha alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, kichwa kikielekea ukutani. Kiganja chake kilikuwa cheupe. Midomo yake pia.

"Yaya! Tema! Tema yote!"

Aicha alishtuka, akaficha mkono nyuma kama mtoto. "Usimwambie mama. Ni kidogo tu, mdogo wangu. Muganga wa Wamaza alinikataza, na bwana yangu akakataza nisinunue sokoni. Lakini harufu ya udongo huu, wallahi, inaniita hata usingizini. Huko juu ulikoziba, udongo ulikuwa umelowa bado, ndiyo maana nikashuka."

Nuru alitazama. Mistari mipya ilikuwa chini ya magoti, na ndani yake, nyuma ya weupe, ulionekana udongo mwekundu.

"Yaya, huko kuna dawa ya mchwa!"

Mkono wa Aicha ulishuka tumboni.

Nuru alipiga kelele. Mama alitoka jikoni mbio. Baba alikuwa sokoni, na Aicha alianza kutoka jasho. Nani ana pikipiki karibu? Nuru alijua jibu. Ilikuwa ya Serge, kaka yake Darlène.

Aliruka ua. Darlène alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alimwona, akageuza uso.

"Darlène, nisamehe baadaye. Yaya Aicha amekula sumu!"

Mchi ulianguka. "Serge!" Darlène alipaza sauti. "Serge, washa pikipiki!"

Pikipiki ilipowashwa, Nuru alimtia mama mkononi karatasi iliyofungiwa ile dawa. "Muganga aione," alisema. Serge akaondoka na Aicha, mama akiwa nyuma amemshikilia.

Waliobaki waliketi kizingitini, Nuru na Darlène. Hata baba alipofika akihema kutoka sokoni na kupitiliza kwenda zahanati, hawakusogea. Adhana ya magharibi ililia, na bado waliketi.

Kesho yake Nuru aliruhusiwa kuingia zahanati. Aicha alikuwa amelala, amechoka, lakini macho yamefunguka. Muganga Emilienne, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, alikuwa ametoka kumsikiliza mtoto tumboni.

"Anapiga teke kama mcheza mpira," alisema. "Alitapika mapema, na dawa mliniletea niione. Mngechelewa, ningesema maneno mengine. Lakini damu yake ni ndogo sana. Mwili ukikosa damu, mara nyingine hutamani udongo, na udongo hauleti damu, huleta minyoo. Aicha, ukitamani tena, usijifiche. Kula sombe, maharagwe, samaki, na umeze vidonge nitakavyokupa. Aibu haijamponya mtu."

Njiani kurudi, mzee Ayoubu alisimama karibu na msikiti.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilitia sumu nyumbani, nikanyamaza. Lakini na weye, Nuru, nimesikia habari za kisimani."

Nuru aliinamisha kichwa.

"Uliuona ukuta unakwanguliwa, na ulikuwa na haki ya kuuliza. Ila hukuuliza, ulihukumu. Na ulipompata mshitakiwa, ukaacha kutafuta, huku dada yako akiendelea kula. Unajua kukandika, mwanangu. Ukipaka pemba juu ya udongo mbichi, inakuwaje?"

"Inang'aa siku moja, halafu inapasuka."

"Na tuhuma ni hivyo hivyo. Iache ikauke kwanza. Uliza, tazama, uliza tena. Na neno ulilolisema mbele ya watu, likanushe mbele ya watu."

Nuru alifanya hivyo palepale kisimani, Rosine na wenzake wakisikia. Aliyamaliza maneno yote. Darlène alimwacha asimame kidogo, kisha akasema, "Haya. Nibebee bidoni mpaka nyumbani, tutaona."

Jumamosi walibomoa sehemu ya chini ya ukuta. Baba aliuzika udongo ule mbali na kisima, na safari hii wakakandika kwa udongo uliochanganywa na majivu. Darlène alikuja bila kubisha hodi. Kazi ilipokwisha, udongo ukiwa bado mbichi, alibandika vidole vyake vinne karibu na mlango, akavivuta chini taratibu.

"Sasa piga kelele," alisema. "Leo kweli ni miye."

Mama Malaika alileta udongo aizibe. Nuru akamshika mkono.

"Mama, hiyo tuiache."

Wakaiacha. Na mtoto wa Aicha alipozaliwa, salama, akalazwa katika chumba kile, mistari minne ilikuwa pale kando ya mlango, imekauka, bila ufa hata mmoja.